Umri hubadilisha maana ya likizo

KIJANA ambaye hajaoa wala kuolewa hutaka likizo ya Desemba impeleke Diani au Lamu, akeshe na wenzake. Akishapata watoto, kalenda ya shule ndiyo humwamulia. Tangu 2017, familia nyingi za Nairobi hupanda gari la moshi la Madaraka Express hadi Mombasa, safari ya takriban saa tano, ili watoto wacheze ufuoni. Babu na nyanya walioko mashambani aghalabu hawatamani bahari. Hutaka wana na wajukuu wafike nyumbani. Hapo ndipo ugomvi huzuka, kwani siku ni chache na mfuko ni mmoja. Busara ni kugawa likizo mapema, wazee wasije wakabakishiwa makombo.