Jenuini au Kopi? Kwanza Weka Chini Huo Waya

Kila masika yanapoanza, swali ni lilelile. Mtunza bustani wa shule, meneja wa nyumba ya wageni, mzee wa kanisa aliyekabidhiwa uwanja, wote wanakuja na habari moja: mashine ya kukata nyasi haiwaki, fundi amesema kabureta imekufa, sasa wanunue jenuini au ya Kichina? Wamekwisha kuulizia bei zote mbili. Jenuini ni mara nne, mara tano, pengine zaidi ya kopi, na wanataka niwaondolee huo mzigo wa kuchagua. Mimi huwauliza kitu kimoja tu: ile ya zamani imekufa kwa nini? Mpaka leo ni wachache mno walioweza kunijibu.

Kabureta haifi ovyo. Vinavyochakaa ndani yake kwa kazi ni vichache: sindano ya boya, gasketi, na baada ya miaka mingi shafti ya resi. Vingine vyote ni njia za mafuta na hewa zilizochimbwa kwenye chuma, na njia haifi, inaziba. Mashine nyingi huku kwetu zinaegeshwa nyasi zinapoacha kuota, mwezi wa Juni au Julai, petroli ikiwa bado ndani. Ile iliyobaki kwenye kikombe cha kabureta ni kidogo, iko wazi kwa hewa kupitia tundu lake la kupumulia, na stoo yenyewe ni ya bati. Sehemu nyepesi za petroli zinaruka, zilizobaki zinaungana na oksijeni na kugeuka utando wa kahawia unaonata. Mwezi mmoja tu unatosha kuanza kuiharibu. Utando huo ukikauka, njia ya kwanza kuziba ni iliyo nyembamba kuliko zote, yaani jeti ndogo, ile ya silensa, inayolisha injini kwa resi ndogo.

Dalili yake inajulikana. Mashine inawaka kwa shida, kisha resi inapanda na kushuka yenyewe, inapanda na kushuka, kama mtu mwenye pumu. Kinachotokea ni hiki: kwa resi ndogo injini inakosa mafuta na kupunguza mwendo, gavana anaona mwendo umeshuka anafungua njia, jeti kuu inamwaga mafuta, mwendo unapanda, gavana anafunga tena. Hakuna kilichovunjika hapo. Kuna uchafu usiozidi punje ya chumvi.

Na hapo ndipo waya unapoingia.

Nina hakika umeuona. Fundi anafungua kikombe, anatoa jeti, anachomoa uzi mmoja kwenye waya wa breki ya baiskeli, anausokomeza tunduni na kuuzungusha, anapuliza kwa mdomo, anainua jeti juani na kuchungulia, anasema tayari. Mashine inawaka. Mteja ameridhika, fundi amelipwa, na imani imepata shahidi mwingine: jeti ikiziba, dawa yake ni waya. Wengine wamekwenda mbali zaidi na kufundisha vijana wao kwamba jeti ikichokonolewa vizuri injini inapata nguvu kuliko ilivyotoka kiwandani.

Sitapinga kwamba mashine inawaka. Inawaka kwa sababu uchafu umetoka. Lakini waya haukutoa uchafu peke yake. Jeti ni ya shaba, waya ni wa chuma cha pua au chuma kigumu kilichopakwa zinki, na vikisuguana shaba ndiyo inayoliwa. Tundu la jeti ya silensa kwenye injini hizi mara nyingi ni kama milimita 0.35. Uzi mmoja wa waya wa breki una unene wa karibu milimita 0.3. Kwa hiyo unapita kwa kubana, na ukizungushwa unakwangua pande zote. Tuseme umelipanua tundu mpaka milimita 0.40. Umeongeza sehemu tano za mia za milimita, kitu ambacho jicho haliwezi kukiona hata ukikichungulia juani mchana kutwa. Lakini mafuta hayapiti kwa kufuata upana wa tundu, yanapita kwa kufuata eneo lake. Piga hesabu: 0.35 mara 0.35 ni 0.1225, na 0.40 mara 0.40 ni 0.16. Eneo limeongezeka kwa karibu asilimia 31. Kwa mizunguko michache ya waya umeiambia injini inywe karibu theluthi moja zaidi ya kipimo chake, saa zote inapotembea kwa resi ndogo, maisha yake yote, kwa sababu shaba iliyoliwa hairudi.

Na hapo nimekuhesabia tundu lililobaki duara. Kwa kawaida halibaki hivyo. Linakuwa na mikwaruzo ndani na mdomo wake unapoteza ule mteremko laini uliokatwa kwa mashine. Mteremko huo upo kwa kazi maalumu: ndio unaoyaongoza mafuta kuingia bila kusukasuka. Ukishauharibu, hakuna atakayeweza kukuambia jeti yako ni namba ngapi, hata kama namba bado imegongwa ubavuni.

Kuhusu hiyo nguvu inayodaiwa kuongezeka: kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Hewa ya mashine yako inapimwa na chujio na upana wa koo la kabureta, ambavyo waya haukuvigusa. Petroli ya ziada haina hewa ya kuunguzia. Inatoka kama moshi mweusi, inapaka masizi kwenye plagi, na sehemu yake inateremka kwenye ukuta wa silinda ikiosha oili inayolinda ringi. Baada ya msimu mmoja au miwili mashine inakula mafuta, inakula oili, inawaka kwa kubembelezwa. Mwenye mashine anarudi kwa fundi yuleyule, anaambiwa kabureta imekufa. Safari hii ni kweli. Imeuawa, na aliyeiua ndiye anayeuza nyingine.

Wanaoishi nyanda za juu wanaumia mara mbili. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani inamimina mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Vitabu vya Honda vinasema wazi kwamba nguvu ya injini inapungua kwa karibu asilimia 3.5 kwa kila mita 300 za mwinuko, na kwamba ukifanya kazi zaidi ya mita 1,500 kabureta ibadilishiwe vipimo kwa ajili ya mwinuko. Nairobi ipo karibu mita 1,800. Mbeya ni karibu 1,700, Njombe ni kama 2,000, Eldoret imepita hapo. Mashine inayofika Nairobi imekwisha kupoteza kama sehemu ya tano ya nguvu zake kabla haijakata jani moja, na inazama kwenye mafuta. Mwenyewe analalamika kwamba haina nguvu, na fundi anachukua waya anapanua jeti. Mahali hapo jeti inayotakiwa ni ndogo zaidi! Hakuna tiba iliyogeuzwa kichwa chini kiasi hiki, na bado naiona ikifanywa kila msimu. Ukihamisha mashine iliyokwisha kubadilishiwa jeti kwa ajili ya mwinuko kutoka Njombe kwenda Tanga, kinyume chake ndicho kweli: jeti ndogo ya mlimani itaikosesha mafuta pwani, na injini itapata joto la kuiharibu.

Jeti inasafishwa hivi. Itoe kwa bisibisi inayokaa sawasawa kwenye mfereji wake, iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, ipulizie hewa ya kompresa kutoka pande zote mbili. Ikibaki imeziba, tumia uzi wa nailoni wa mshipi wa samaki ulio mwembamba kuliko tundu. Nailoni ni laini kuliko shaba, kwa hiyo inasukuma uchafu bila kukwangua kitu. Njiti ya chelewa usiijaribu, inakatikia ndani. Puliza pia njia zilizomo kwenye mwili wa kabureta, si jeti peke yake, kwani mara nyingi fundi husafisha jeti ikang'aa akaacha njia inayoilisha imeziba nyuma yake. Fanya hayo yote nje, mbali na jiko na sigara.

Na kabla ya hapo hakikisha tatizo ni mafuta. Mashine za nyasi zina ugonjwa wao ambao jenereta na pampu hazina: kisu kinagonga jiwe au kisiki, injini inasimama ghafla, na ule ufunguo mdogo unaoshika flaiwili kwenye krenki unakatika au kupinda. Cheche ipo, lakini inapiga wakati usio wake. Mashine inarudisha kamba mkononi, inapiga mlio kwenye ekzosi, haiwaki. Nimeona watu wakibadilisha kabureta mbili mfululizo kwa ugonjwa wa ufunguo ambao bei yake haifiki ya soda chache. Ikiwa mashine ilikuwa nzima ikagonga kitu ikazima, usiniulize habari za kabureta.

Sasa, kama kweli unahitaji nyingine. Kwanza acha kupima kwa nchi. Makampuni yenyewe yananunua kabureta kutoka viwanda vya China, na nyingine ulizolipia kama jenuini zimetoka huko. Kinachotofautiana ni ukaguzi. Jenuini imepimwa kwa injini moja, na ikiwa namba iliyogongwa kwenye mwili wake ni ile ya kwako, jeti zake ni zako. Kopi imetengenezwa iingie kwenye injini nyingi zinazofanana kwa sura. Honda GX160 peke yake ina kabureta tofauti kulingana na aina ya chujio la hewa, na dukani zote zinakaa ndani ya boksi moja. Kopi nzuri zipo. Tatizo ni kwamba ya leo ikiwa nzuri, ya kesho kutoka duka hilohilo haina ahadi yoyote.

Kwa hiyo, haraka haraka. Ikiwa jeti zako hazijachokonolewa na mwili haujapasuka, nunua seti ya gasketi, sindano na boya peke yake. Ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote na inatosha kwa mashine nyingi ninazoletewa. Mashine ya hoteli au ya mkandarasi inayofanya kazi kila siku, au ya chapa ambayo spea zake ni adimu, weka jenuini, umalize. Mashine ya nyumbani inayokata mara mbili kwa mwezi, kopi inafaa, ila nunua kwa namba ya modeli iliyogongwa kwenye injini na si kwa kulinganisha sura. Ukiwa bado dukani laza uso wake wa kufungia juu ya kioo uone kama umenyooka, fungua kikombe utoe vumbi la kiwandani, puliza kwenye bomba la mafuta huku umeigeuza juu chini: boya likiwa limelalia sindano, hewa isipite. Ikipita, rudisha palepale. Jeti za kabureta yako ya zamani, kama hakuna aliyezitia waya, mara nyingi zinaingia kwenye kopi, na hapo umepata vipimo vya kiwanda kwa bei ya kopi. Gasketi zirudi kwa mpangilio uleule na tundu zake zilingane. Lile pande jeusi linalozuia joto kati ya kabureta na injini usilitupe. Mwaga petroli yote ya zamani, osha tenki, badilisha chujio la mafuta, la sivyo mpya itaziba kwa uchafu uleule. Mwisho wa msimu funga koki, acha injini iungurume mpaka izime yenyewe.

Na katika wiki ya kwanza ya kabureta mpya, ya bei yoyote, chomoa kijiti cha oili kila asubuhi kabla ya kuvuta kamba. Oili ikiwa imepanda kupita alama na inanuka petroli, sindano haifungi na mafuta yamevuja usiku kucha mpaka kwenye krenki. Usiiwashe. Mwaga oili, rudisha kabureta dukani, na kama mashine yako haina koki ya mafuta, weka moja kwenye mpira leo hii.