Nyuma ya Yusuf wa Peponi: Watu wa Kweli wa Ufuko wa Rumonge

Tangu Abdulrazak Gurnah atunukiwe Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, na hasa tangu riwaya yake Paradise (1994) itoke kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, swali moja limekuwa likirudi madarasani mwetu: je, watu hawa walikuwapo? Wanafunzi wanamwulizia Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili anayechukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake. Wanamwulizia pia Chatu, sultani wa ng'ambo ya ziwa anayeizuia mali ya msafara. Katika toleo hili tunapenda kulijibu swali hilo kwa kirefu kidogo, na tutaanzia mahali ambapo riwaya yenyewe hapataji: Rumonge, katika ufuko wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, kilomita 70 hivi kusini mwa Bujumbura.

Kwa nini Rumonge? Kwa sababu misafara ya aina ile anayoieleza Gurnah haikuishia Ujiji. Kutoka Ujiji mitumbwi na mashua zilikwea kaskazini kufuata ufuko, zikibeba nguo, shanga na chumvi, zikirudi na pembe na watu. Mkubwa wa biashara hiyo katika miaka ya 1880 alikuwa Muhammad bin Khalfan wa ukoo wa Barwani, mzaliwa wa upande wa Lindi, ambaye watu wa bara walimpa jina la Rumaliza. Alikuwa mshirika wa Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip. Nguvu zake zilienea pande zote mbili za kaskazini ya ziwa, hadi Uvira, na watu wake walijaribu kupenya katika ufalme wa Mwezi Gisabo lakini wakashindwa. Mwaka 1894 majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalimvunja nguvu, akakimbilia upande uliokuwa chini ya Wadachi. Baadaye yeye na Tippu Tip, waliokuwa washirika, walifikishana mahakamani kwa ajili ya mali.

Je, Rumaliza ndiye Aziz? Sisi hatusemi hivyo. Aziz wa riwayani ni mpole wa maneno, ananukia udi, na vita si kazi yake. Lakini biashara yake ndiyo ile ile: mali ya kukopa, faida ya kubahatisha, na binadamu anayeshikwa pale deni linaposhindikana kulipwa. Neno lenyewe tunalo katika Kiswahili, nalo ni rehani. Siku hizi tunaliandika katika habari za nyumba na mabenki, na wanafunzi hushtuka wakiambiwa kwamba mtoto aliweza kuwekwa rehani. Walimu, msilipite neno hilo haraka.

Sasa turudi Rumonge. Mwaka 1879 Mapadre Weupe walifungua misheni hapo, ya kwanza katika nchi ambayo sasa ni Burundi. Kazi yao kubwa ilikuwa kuwakomboa watoto kutoka utumwani, yaani kuwanunua, kisha kuwalea misheni. Tarehe 4 Mei 1881 padre Toussaint Deniaud, padre Joseph Augier na msaidizi wao Félix D'Hoop, Mbelgiji, waliuawa na Wabikari, watu wa sehemu hiyo. Chanzo kilikuwa ugomvi uliomhusu mtoto mmoja aliyekombolewa. Misheni ikafungwa.

Katika masimulizi tuliyoyasoma sisi, Wazungu watatu wanatajwa kila mmoja kwa jina lake. Mtoto ni "mtoto" tu. Huyo kwetu ndiye aliye karibu zaidi na Yusuf kuliko mtu yeyote wa ufuko huu: mtoto aliyetolewa kwao, akalipiwa mali, watu wazima wa pande mbili wakagombana kila upande ukisema ni wake. Hatudai kwamba Gurnah alimfikiria yeye. Tunachosema ni kwamba ukimsoma Yusuf, au Khalil na Amina waliochukuliwa kwa deni kama yeye, unasoma hali iliyowapata watoto wengi kuanzia pwani hadi ziwani.

Wachache kati yao tunawafahamu kwa majina. Sidi Mubarak Bombay, Myao, alitekwa akiwa mtoto, akauzwa kwa nguo, akapelekwa Bara Hindi. Aliporudi Afrika akiwa huru alikuwa kiongozi wa misafara, na mwaka 1858 alipita ufuko huu wa Burundi kwa mtumbwi pamoja na Burton na Speke wakielekea Uvira. Mtoto aliyebebwa na msafara akaja kuwa mtu wa msafara. Msomaji wa Peponi atakumbuka jinsi kitabu kinavyoisha.

Kwa upande wa Chatu ushahidi ni wa karibu zaidi, nao umo katika lugha yetu wenyewe. Mwaka 1901 Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki huko Berlin, alichapisha kitabu Safari za Wasuaheli. Humo mna maelezo ya Selemani bin Mwenye Chande kuhusu safari yake ya bara: walivuka Tanganyika, wakafika kwa sultani aitwaye Chata, wakapata mashaka makubwa na kunyang'anywa mali. Wahakiki wameonyesha kwamba Gurnah aliyachota maelezo haya. Herufi moja tu imebadilika, na badiliko hilo si dogo, maana chatu ni nyoka yule mkubwa ambaye kila mtoto wa Kiswahili ameshamsikia.

Jambo jingine limebadilika pia. Chande aliandika kama mfanyabiashara aliyeporwa, na Chata wake ni mwovu basi. Gurnah anampa Chatu kauli: kwamba mfanyabiashara aliyetangulia alimdhulumu, na sasa anajilipa. Hapo ndipo sisi tunapoona kazi ya mwandishi wa hadithi. Aliyekuwa adui tu katika maandishi ya mwaka 1901 anapata haki ya kusema.

Tukifundisha, tunaanza na kurasa chache za Chande, Kiswahili chake cha zamani na yote, kisha ndipo tunafungua Peponi. Wanafunzi hulalamika juu ya tahajia ya Velten kwa nusu saa ya kwanza, halafu wanazoea. Mwenzetu atakayepata nafasi ya kufundisha Burundi ataona faida nyingine. Kiswahili cha Rumonge kilikuja na misafara na wavuvi, na kikaongezewa nguvu na watu waliokimbilia Tanzania baada ya mauaji ya mwaka 1972, ambao wengi wao walirudi baadaye na watoto waliozaliwa ng'ambo. Darasani kwake huenda wakawapo waliosikia nyumbani habari za mtoto aliyelelewa mbali na kwao.