Mbao, Sumaku na Waya: Usanifu wa Gitaa la Umeme Lisilo na Uvungu kwa Mfano wa Gitaa Moja la Mpepai, Mbinga

Makala haya yanafafanua usanifu wa gitaa la umeme lisilo na uvungu, yaani gitaa ambalo kiwiliwili chake ni ubao uliojaa badala ya sanduku lenye tundu. Mfano unaotumika ni gitaa lililohifadhiwa na familia ya mwandishi katika kata ya Mpepai, wilayani Mbinga. Gitaa hilo halina jina la kiwanda, ila umbo na vipimo vyake vinafuata mtindo wa Telecaster. Lilipoacha kutoa sauti, baba mdogo alilipeleka kwa fundi mmoja wa mjini. Lilirudi likiwa limepakwa vanishi na linalia. Kinasa chake cha zamani kilikuwa kimetupwa. Fundi alipoulizwa, alijibu kwamba gitaa ni mbao, na mbao hakuipunguza hata kidogo. Jibu hilo lina mantiki kwa gitaa la kawaida. Kwa gitaa la aina hii, makala yanadai, ni kinyume cha ukweli.

Katika gitaa la kawaida, uzi peke yake hausukumi hewa ya kutosha kusikika mbali. Uzi hutikisa daraja, daraja hutikisa ubao mwembamba wa juu, na ubao huo pamoja na hewa iliyomo ndani ya uvungu ndio unaotoa sauti. Hapo seremala ndiye mwenye sauti. Tatizo lilianza pale wanamuziki walipotaka kusikika kupita tarumbeta na ngoma, wakaweka vikuza sauti. Sauti iliyotoka kwenye spika ilirudi ikautikisa ule ubao mwembamba, ubao ukautikisa uzi, na mzunguko huo ukazaa mlio mkali usiozuilika. Kila aliyewahi kukaa karibu na spika za mkutano wa hadhara anaujua mlio huo. Dawa iliyopatikana ilikuwa kuuondoa uvungu wenyewe.

Hatua hiyo haikufanywa na mtu mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 George Beauchamp na kampuni ya Rickenbacker walitoa gitaa la aluminiamu la kulazwa mapajani, ambalo watu walilitania kwa kuliita kikaango. Aliyeigeuza fikra hiyo kuwa bidhaa ya wengi ni Leo Fender wa Fullerton, California, fundi wa redio ambaye hakuwa mpiga gitaa. Mwaka 1950 alitoa gitaa la Esquire, kisha Broadcaster, ambalo mwaka 1951 lilipewa jina la Telecaster baada ya kampuni nyingine kulalamikia jina la awali. Gibson walifuata na Les Paul mwaka 1952. Kwamba Fender alikuwa fundi wa redio si jambo la pembeni: alilisanifu gitaa kama mtu anayetarajia litaharibika na kufunguliwa. Kiwiliwili ni ubao bapa wenye unene wa takribani milimita 44. Shingo haikugundishwa, bali imekazwa kwa skrubu nne, hivyo inaweza kutolewa na kuwekwa nyingine kwa dakika chache.

Gitaa la Mpepai lina skrubu hizo nne. Urefu wa uzi unaotetemeka, kuanzia kichwani mwa shingo hadi kwenye daraja, ni milimita 648, sawa na wa Telecaster. Kipimo hiki kikijulikana, mahali pa kila freti hupatikana kwa hesabu: freti ya 12 hukaa katikati kabisa, milimita 324, na ya kwanza hukaa takribani milimita 36.4 kutoka kichwani, kwa kuwa kila freti hufupisha uzi kwa uwiano uleule. Seremala mmoja wa kijijini, anayeishi kwa kutengeneza milango na vitanda, alipoonyeshwa vipimo hivi alisema kazi yote hiyo aliiweza, na kwamba angetumia mninga kwa kuwa haupindi ukishakauka. Mwandishi hana sababu ya kumbishia. Alichokiri kwamba hawezi ni kile kilichokuwa chini ya nyuzi.

Kitu hicho makala yanakiita kinasa. Mafundi wengi hukiita pikapu, jina linalozua vichekesho kwa kuwa kwa wananchi wengi pikapu ni gari la kubebea mahindi na kahawa. Ndani yake mna vipande vya sumaku, kwa kawaida vya mchanganyiko wa aluminiamu, nikeli, kobalti na chuma, vilivyozungushiwa waya wa shaba wenye unene wa takribani milimita 0.06, mizunguko zaidi ya 7,000. Sumaku huufanya uzi wa chuma nao uwe na usumaku. Uzi unapotetemeka, mathalani ule mnene wa juu unaotetemeka mara 82 kwa sekunde, nguvu ya sumaku inayopita katika koili hubadilika kwa mwendo huohuo, na mabadiliko hayo huzalisha umeme mdogo ndani ya waya. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazisikiki kabisa kwenye gitaa hili. Ndiyo maana pia gitaa lenyewe, kinyume na jina lake, halihitaji kuchomekwa popote ili lizalishe ishara. Kinachokula umeme ni kikuza sauti.

Idadi ya mizunguko, unene wa waya na nguvu ya sumaku ndivyo vinavyoamua tabia ya sauti. Mizunguko ikiongezeka, ishara hupata nguvu lakini wembamba wake hupungua. Koili na waya unaoelekea kwenye kikuza sauti hushirikiana kuinua milio fulani, kwa kawaida kati ya mitetemo 2,000 na 5,000 kwa sekunde, na mwinuko huo ndio sikio hutambua kama sauti ya gitaa fulani. Mahali kinasa kilipo nako kuna uzito: karibu na daraja sauti ni kali na nyembamba, karibu na shingo ni nzito na laini. Kwa muziki wa dansi wa Tanzania jambo hili si dogo. Bendi kama Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe na Western Jazz zilisuka nyimbo zao kwa magitaa kadhaa yanayojibizana: solo, ridhimu, besi. Magitaa hayo yangekuwa na sauti moja, msikilizaji asingeweza kuyatenganisha.

Je, mbao haina kazi? Inayo. Ubao na shingo vikilegea, hunyonya mtetemo na uzi hunyamaza mapema. Uzito wake huamua kama mpigaji atachoka bega. Hata hivyo athari hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ya kinasa, na mwandishi anaona kwamba watunzaji wa ala za kale wamevutiwa mno na rangi na mbao kwa sababu ndizo zinazoonekana katika picha.

Sasa turudi kwa kilichotupwa. Koili ya zamani ikinyamaza, sababu ya kawaida ni waya kukatika mahali pamoja kwa kutu. Mita ya umeme huonyesha hilo mara moja: koili nzima husoma maelfu ya omu, iliyokatika haisomi kitu. Koili kama hiyo huweza kufunguliwa taratibu, mizunguko ikahesabiwa, unene wa waya ukapimwa, kisha ikasukwa upya juu ya sumaku zilezile. Sumaku nazo zingepimwa nguvu. Kwa gitaa la Mpepai hakuna kati ya hayo kinachowezekana tena. Kilichobaki ni tundu la kinasa ubaoni, lililo karibu na daraja, matundu mawili ya skrubu, na alama za risasi ya kulehemu kwenye swichi. Kwa hiyo katika jedwali la kiambatisho, safu za mbao, shingo, freti na daraja zimejazwa vipimo vyote, na safu ya kinasa cha awali ina neno moja: kimepotea. Kinasa kipya kimeorodheshwa chini yake kwa mstari wa peke yake, ili mtafiti atakayelisikia gitaa hili likilia asidhani kwamba ndivyo lilivyolia zamani.