Malkia wa Nyuki Aliyetoka Tabora

Ukisafiri kwa reli ya kati, treni haijasimama sawasawa pale stesheni ya Tabora kabla hujaoneshwa chupa ya asali dirishani. Mwenye fedha hununua, asiye nazo huuliza bei kisha akatazama pembeni. Kabla reli haijafika hapo mwaka 1912, safari ilikuwa ya miguu: wapagazi wa Kinyamwezi na mizigo yao, kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, na wengine upande wa pili hadi Ujiji.

Wiki hii nazungumzia msafiri wa Tabora ambaye wapagazi hawakumbeba. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazili, Warwick Kerr, alikusanya malkia wa nyuki kutoka Afrika. Nyuki waliopelekwa Brazili na Wazungu walikuwa wavivu katika joto la kule, naye alitaka mbegu iliyozoea jua. Wengi wa malkia hao walitoka Afrika Kusini. Mmoja aliyefika akiwa hai alitoka Tabora.

Waliwekwa karibu na mji wa Rio Claro, jimbo la São Paulo, kwenye mizinga yenye vizuizi ili malkia wasitoke. Mwaka 1957 vizuizi vikaondolewa, na makundi 26 yakahama. Yakazaana na nyuki wa Kizungu, yakasambaa nchi hadi nchi, na mwaka 1990 wazao wao wakavuka mpaka wa Mexico na kuingia Texas. Njiani waliwauma watu na mifugo, wengine wakafa. Magazeti yakawabatiza "nyuki wauaji", na sisi wenye kalamu hatukuona haya kulirudia jina hilo. Mrina asali wa Sikonge angecheka. Yeye huwaendea nyuki hao usiku, na moshi mkononi.

Je, walipochanganyika miaka yote hiyo, Uafrika wao ulipotea? Swali hili halijibiwi kwa kumtazama nyuki kwa macho. Hapana budi kusoma vinasaba vyake.

Kwa lugha nyepesi, ndani ya kila chembe ya mwili wa nyuki mna maandishi marefu, herufi zaidi ya milioni 200. Ya binadamu ni kiasi cha bilioni 3. Maandishi hayo hunakiliwa kila kizazi, na kama karani yeyote, mnakili hukosea herufi moja hapa na nyingine pale. Jamii mbili za nyuki zikitengana muda mrefu, kila moja hujikusanyia makosa yake. Ukisoma nyuki wengi na kuyalinganisha makosa hayo, utajua kipande hiki kimetoka Afrika na kile Ulaya, kama unavyomtambua mtu wa Tabora au wa Pwani kwa namna anavyotamka Kiswahili.

Maandishi ya nyuki yalichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2006. Mwaka 2017 watafiti waliowasoma nyuki wa Brazili waliona kwamba kiasi cha asilimia 84 ya vinasaba vyao ni vya Kiafrika. Sitaki ndugu zangu wa Tabora wajitape kupita kiasi: malkia wenu alikuwa mmoja kati ya wengi. Lakini Uafrika haukumezwa.

Mwaka huohuo 2017 kukatolewa habari ya hapa jirani. Nyuki wa milima ya Kenya ni weusi na wapole kuliko wenzao wa mbugani, lakini vinasaba vyao vinakaribia kulingana kabisa. Tofauti kubwa imejikusanya sehemu mbili tu, kwenye kromosomu ya 7 na ya 9. Ukiipoteza misitu ya milimani, huenda ukazipoteza sehemu hizo mbili pamoja nayo.

Kwa jumla nyuki wa Afrika wana tofauti nyingi za vinasaba kuliko wa Ulaya, na tofauti hizo ni akiba. Mwaka 2009 utitiri uitwao Varroa, uliokwisha kuangamiza mizinga mingi Ulaya na Marekani, ulionekana Kenya na Tanzania. Huko ng'ambo wafugaji hununua dawa kila mwaka. Nyuki wetu wamekuwa wakiishi na mdudu huyo bila dawa.

Kwa hiyo nikimsikia mtu anasema tuagize malkia wa kigeni kwa kuwa ni wapole, namuuliza kama ameagiza na dawa zao. Lakini kwa Tabora naona hatari iliyo karibu zaidi ni shoka. Tumbaku ya Urambo na Kaliua hukaushwa kwa kuni za miombo, miti ileile ambayo maua yake ndiyo asali. Na mzinga wa gome, tusifichane, nao huua mti uliobanduliwa. Mzinga wa mbao hutumika miaka mingi, ila mbao hununuliwa, na gome mrina huliokota msituni bure.