Sura ya Saba: Nabii Mmoja, Wageni wa Dini Mbili

Mwaka 597 kabla ya Kristo, Nebukadneza alimchukua mateka Mfalme Yehoyakini wa Yuda pamoja na maelfu ya watu wake, akawapeleka Babeli. Kati yao alikuwemo kuhani Ezekieli. Unabii ulimjia huko ugenini, kando ya mto Kebari, katika makazi ya waliohamishwa. Mtu wa Kashuga kule Masisi, mashariki mwa Kongo, ambako waliokimbia vita waliishi kambini kwa miaka mingi, hahitaji kuelezwa maisha hayo.

Mapokeo yanasema Ezekieli alizikwa Al-Kifl, mji mdogo wa Iraki kando ya Frati, kusini mwa Hilla. Jina la mji ni la Dhul-Kifl, ambaye Qurani inamtaja mara mbili, katika sura za Al-Anbiyaa na Swaad, pamoja na Ismaili. Inamsifu bila kusimulia habari zake. Wanazuoni wametofautiana kuhusu alikuwa nani, na baadhi yao wamesema ndiye Ezekieli. Kwa kauli hiyo, kaburi la Wayahudi likawa pia la Waislamu.

Benjamin wa Tudela, msafiri Myahudi kutoka Hispania, aliandika habari za mahali hapo katika karne ya 12. Alieleza jinsi Wayahudi walivyomiminika kati ya mwaka wao mpya na Siku ya Upatanisho, taa ikiwaka kaburini usiku na mchana, na Waislamu nao wakija kuomba. Mvutano haukukosekana. Mwanzoni mwa karne ya 14, Öljaitü, mtawala Mmongolia aliyesilimu, alijenga hapo msikiti na mnara. Hata hivyo Wayahudi hawakuacha kuzuru, na baadaye Sikukuu ya Majuma ikawa msimu wao mkubwa.

Mwaka 1950 Iraki ilitunga sheria ya kuwaruhusu Wayahudi kuondoka, kwa sharti la kuvuliwa uraia. Katika miaka miwili iliyofuata, zaidi ya 100,000 walihamia Israeli. Leo maandishi ya Kiebrania yangali ukutani, chini ya kuba refu lenye umbo la koni, lakini wanaozuru karibu wote ni Waislamu.

Swali la nani hasa amelala pale halikupata kujibiwa, na kwa karne nyingi halikumzuia yeyote kuingia. Ziara ya pamoja ilikoma siasa ilipoiondoa jamii moja nchini.