Leo unampenda, kesho unamblock: Huenda si ‘drama’ tu

UMEMTUMIA mpenzi wako meseji saa nne asubuhi. Hajajibu. Yuko kichinjioni Kiamaiko anachuna mbuzi, mikono imejaa damu, simu iko mfukoni. Lakini kichwani mwako ameshakuacha. Kufikia saa sita umetuma meseji ishirini, matusi yakiwemo, kisha ukamblock. Jioni uko mlangoni kwake unalia, unaomba msamaha.

Mtaani watasema wewe ni mtu wa drama. Wengine watasema umerogwa.

Kila mtu hukasirika. Ila ikiwa hali hii imekuandama kwa miaka na inakuharibia kazi, urafiki na mapenzi, huenda ni tatizo la nafsi linaloyumbisha hisia, ambalo madaktari wengi huliita bodalaini. Dalili zake ni kuogopa mno kuachwa, hasira kali, kuhisi utupu moyoni, maamuzi ya pupa, na wakati mwingine kujiumiza. Usijipime kwa video za TikTok, muone mtaalamu.

Chanzo si ukaidi. Kuna wanaorithi hisia nyepesi, na wengi, ingawa si wote, walidhulumiwa au kutelekezwa utotoni.

Habari njema ni kwamba wengi hupata nafuu. Hakuna tembe moja ya kuliponya. Tiba kuu ni mazungumzo, ambapo unafunzwa kustahimili hisia bila kuzitii. Marsha Linehan, mwanasaikolojia Mmarekani aliyebuni mojawapo ya tiba hizo, alifichua mwaka 2011 kwamba yeye mwenyewe alilazwa hospitali ya akili akiwa msichana.

Hasira ikipanda, jaribu haya:

• Ipe hisia jina: “Hii ni hofu ya kuachwa.”

• Nawa uso kwa maji baridi, kisha pumua polepole.

• Weka simu kando nusu saa. Meseji ikiwa bado ina maana baada ya hapo, itume.

• Usikimbilie pombe wala muguka.

Na kama wewe ndiwe rafiki, usimwambie “wacha drama”. Mwambie: “Naona umeumia. Ukitulia tutaongea.” Ukiahidi kumpigia saa mbili, piga saa mbili. Lakini kumpenda si kukubali kupigwa. Weka mipaka, na uishikilie hata siku mkiwa sawa.

Mawazo ya kujiua yakikujia, usikae nayo peke yako. Mwambie mtu sasa hivi, au pigia Msalaba Mwekundu nambari 1199, bila malipo. Usiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha 226 kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa kinakiuka Katiba.

Hospitali ya Mathari haiko mbali na Kiamaiko. Si wote waendao huko hulazwa; wengi humuona daktari na kurudi nyumbani. Wacha mtaa useme. Anayeumia ni wewe.