Rafiki wa bara akifiwa, usiondoke na hema

Neno matanga linatuchanganya sisi watu wa pwani tukiwa na marafiki wa bara. Kwetu Mombasa matanga ni zile siku tatu baada ya kuzika, watu wamekaa kwenye majamvi, wanasoma Qurani na kumliwaza mfiwa. Ukishavuka Mtito Andei, matanga ni mazishi yenyewe, pamoja na zile jioni zote za mikutano zinazoyatangulia. Mtu wa Murang'a akikwambia "tuko matanga", huenda maiti bado yuko mochari na wenyewe wanahangaikia pesa za jeneza.

Nayaandika haya kwa sababu majuzi nilikwenda Kenol kumhani rafiki yangu tuliyesoma naye chuo, aliyefiwa na babake. Mji wa Kenol uko kaunti ya Murang'a, kwenye barabara kuu ya kutoka Thika kwenda Nyeri, pale inapochepuka njia ya mji wa Murang'a. Jina lake limetokana na kituo cha mafuta. Kenol ilikuwa kampuni ya mafuta, ikaungana na Kobil, na mwaka 2019 ikanunuliwa na Rubis ya Ufaransa. Jina limeondoka kwenye mabango ya petroli, mji umebaki nalo. Rafiki yangu alizoea kulifanyia mzaha: nyinyi wenzetu, akisema, mna Mji wa Kale, sisi tuna pampu.

Sisi mtu akifa alfajiri, mara nyingi alasiri yuko kaburini. Kafani ni vipande 3 vya nguo nyeupe kwa mwanamume na 5 kwa mwanamke, na jeneza ni la msikiti, linarudi. Bara mambo ni mengine. Maiti hukaa mochari wiki nzima au zaidi, jamaa wa mbali wasubiriwe, na kila siku bili inapanda. Kuna gari la maiti, hema, viti, chakula, na kile kijitabu chenye picha na wasifu wa marehemu. Ndiyo maana kuna kamati na mweka hazina, na michango husomwa kwa jina kila jioni. Kwa hivyo ubani wako utume mapema, hata ukiwa mdogo. Ukiuweka mfukoni hadi siku ya kuzika, deni la mochari lilikwisha kuwasumbua.

Usidhani pia kwamba mambo haya ni ya kale sana. Wakikuyu wa zamani hawakumzika kila mtu. Kaburi lilikuwa zaidi la mzee mwenye mali na heshima. Wengi walipelekwa porini. Wamishonari na serikali ya kikoloni ndio walioeneza kaburi kwa wote. Desturi hubadilika, na zetu pia.

Siku ya mazishi alizikwa shambani kwake, nyuma ya nyumba, kwenye udongo mwekundu. Mimi ni mwanamke wa Kibokoni. Nimehudhuria misiba mingi, lakini kwetu wanawake hubaki nyumbani jeneza likitoka, na sikuwahi kusimama ukingoni mwa kaburi. Pale rafiki yangu alinishika mkono, akachukua udongo, akautia mwenyewe. Sisemi tuige. Ninasema nilimuona ameaga, na nikawakumbuka wengi kwetu ambao mwisho wa kumuona mzazi wao ni mgongo wa watu mlangoni.

Wasifu ulisomwa kwa muda mrefu. Mzee alikuwa fundi wa baiskeli kando ya barabara, kabla haijapanuliwa kuwa njia mbili mbili. Vijana wa bodaboda walikuja kwa kundi kubwa, wamezima pikipiki zao mbali, wakazisukuma kwa mkono hadi langoni. Kumbe wengi walianza ufundi kwa kuazima spana zake. Rafiki yangu hakuwa akijua. Tangu siku hiyo ule mzaha wa pampu sijausikia tena.

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya niandike. Jioni ile ile hema lilishushwa, viti vikahesabiwa, sufuria zikapakiwa. Kufika magharibi magari yalikuwa yameondoka, na nyumbani wamebaki mjane na binti yake. Wiki nzima nyumba ilijaa watu, lakini walikuwa na kazi: bajeti, kibali, usafiri. Huzuni ilipopata nafasi, hapakuwa na mtu wa kuipokea. Bara watu huja kabla ya kaburi. Pwani huja baada yake. Basi mtu wa pwani ana cha kumpa rafiki wa bara, nacho ni kubaki.

Nilibaki siku nne. Sikufanya kubwa. Nilipika, kwa sababu Mtume aliagiza watu wa nyumba ya Jaafar wapikiwe, wao wana jambo la kuwashughulisha. (Kwetu siku hizi mfiwa ndiye anayetulisha biriani, na hilo tulitazame.) Nilikaa jikoni na yule mama, na usiku wa pili akaanza kusimulia alivyoolewa. Mimi Kikuyu sijui, Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini tulifika.

Niliporudi Mombasa msiba ulitokea mtaa wa pili. Msikiti ukatangaza, na kabla ya saa moja kupita majamvi yalikuwa barazani, mabirika ya kahawa yamefika, na hakuna aliyeunda kamati. Maziko yalikuwa Kikowani. Kesho yake watu walikuwepo, na kesho kutwa. Mjane yuko eda, miezi 4 na siku 10, na majirani wanaingia kwa zamu wakiwa na sahani zimefunikwa. Nimezaliwa katika mambo haya, na arobaini nilikuwa naiona kelele na kazi ya jikoni tu. Sasa nawaangalia wale wazee wanaokuja bila kuitwa, wanakaa, hawasemi kitu, wanaondoka.

Siku ya 40 tangu mzee wa Kenol azikwe, nilimpigia rafiki yangu simu. Kwao siku hiyo haihesabiwi. Akauliza kwa nini leo, nikamweleza. Akasema, ngoja nimpe mama.